Bakuli la bibi lenye alama nane: ni chombo cha ibada ya Kibudha?

Swali kutoka kwa msomaji wa Mombasa: "Bibi yangu mzaa mama, aliyekuwa akiishi Lamu, ametuachia bakuli la Kichina la bluu na nyeupe. Kwa nje limezungukwa na maua, na juu ya kila ua pana kitu kilichofungwa utepe: gurudumu, kombe la bahari, samaki wawili, kitu kama fundo, na vingine nisivyovitambua. Ndani ni jeupe tupu, na bibi alikuwa akiandikiwa kombe humo. Chini ya kitako pana herufi sita za Kichina. Mjomba anasema hizo ni alama za dini ya Kibudha, kwa hiyo bakuli lisikae nyumbani. Jirani anasema ni la Ming, lina miaka elfu, na tusiliachie kwa bei ya kutupa. Nani anasema kweli? Nimeambatanisha picha."

Dada yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu bibi yako. Picha zako zimesaidia sana, hasa ile ya kitako. Mjomba ana jicho: alama hizo nane asili yake ni Ubudha, na hilo halina ubishi. Anapokosea ni pale anapodhani kwamba kwa kuwa zimechorwa kwenye bakuli, basi bakuli lilitengenezwa kwa ajili ya ibada. Jirani naye amezidisha. Nasaba ya Ming ilitawala China tangu 1368 hadi 1644, hivyo hata chombo cha mwaka wake wa kwanza hakijatimiza miaka 700. Lako, kwa ninavyoliona, ni la karne ya 19, ingawa maandishi ya chini yanadai vingine.

Nianze na alama zenyewe. Ligeuze bakuli polepole ukianzia kwenye gurudumu. Hilo ni mafundisho ya Budha, yanayozunguka na kusonga mbele. Kombe la bahari hupulizwa kama baragumu, nalo ni sauti ya mafundisho hayo inayofika mbali. Mwavuli ni kinga dhidi ya mabaya. Kile kinachofanana na taa yenye shada za kuning'inia ni chandalua, aina ya kile kinachoshikiliwa juu ya mkubwa anapopita kwenye maandamano. Watibeti mahali pake huweka bendera ya ushindi, lakini wachoraji wa China walishikamana na chandalua. Vyote viwili, mwavuli na chandalua, vina pindo linaloshuka pembeni, hata mtazamaji mzoefu husita, kwa hiyo usijilaumu kwa kutovitofautisha. Kisha lipo yungiyungi, ua linalochipuka kwenye tope likatoka safi. Upo mtungi wenye kifuniko, ishara ya hazina isiyopungua. Wapo samaki wawili wanaoogelea pamoja bila hofu ya kuzama. Na mwisho ni fundo lisilo na mwanzo wala mwisho, ambalo Wachina wengi walilisoma kama dua ya umri mrefu.

Utepe ulioutaja kwenye barua yako ni jambo la maana. Kwenye kauri za China kitu kilichofungwa utepe unaopeperuka si pambo la kujaza nafasi. Mchoraji anakuambia: hiki ni alama, kina baraka ndani yake. Bila utepe, samaki wawili wanaweza kuwa samaki tu.

Ukitaka kujua mkono wa mchoraji, litazame fundo kwa karibu. Kwenye kazi ya karakana za mfalme unaweza kuufuata mstari mmoja kwa ncha ya ukucha, ukipita juu ya mwenzake na chini ya mwingine, mpaka urudi ulikoanzia bila kukatika. Kwenye bakuli lako mstari umekatika mara mbili upande wa chini, na kona moja haikufungwa. Samaki nao jicho lao ni nukta moja tu, na magamba yamepakwa kwa mpigo mmoja wa brashi. Huyu alikuwa na mabakuli mengi ya kumaliza, na mkono wake ulikwisha kuizoea alama kiasi cha kutoifikiria tena. Hilo halinishangazi. Padri Mfaransa François Xavier d'Entrecolles, aliyeishi Jingdezhen, mji wa wafinyanzi katika jimbo la Jiangxi, aliandika mwaka 1712 kwamba chombo kimoja cha kauri hupita kwenye mikono ya watu sabini. Yuko anayechora duara la chini ya ukingo tu, mwingine anachora maua, wa tatu anayajaza rangi. Hawa walikuwa mafundi wa kulipwa. Walichora walichoagizwa, na kilichoagizwa kilikuwa kile kinachouzika.

Alama hizi zilifikaje Jingdezhen? Zilitoka India, zikapanda milima hadi Tibeti, na zikaingia China kwa nguvu chini ya Wamongolia wa nasaba ya Yuan, waliotawala tangu 1271 hadi 1368. Kublai Khan alimfanya mtawa wa Kitibeti aitwaye Phagpa kuwa mwalimu wa dola mwaka 1260, na miaka kumi baadaye akampandisha kuwa mwalimu wa mfalme mwenyewe. Watawa wa Tibeti wakawa na sauti katika ikulu, na alama zao zikashuka kutoka kwenye nguo za hekalu hadi kwenye udongo. Katika karne ya 14 unaziona zimechorwa ndani ya vijumba vyenye umbo la petali za yungiyungi, kwenye mabega au miguu ya mitungi mikubwa, mara nyingi zimechanganywa na vito, marijani na vitu vingine vya bahati, bila kujali kama zimetimia nane.

Wakati huohuo ndipo vyombo vya bluu na nyeupe vilipoanza kutengenezwa kwa wingi, na hapa napenda wasomaji wa pwani watue kidogo. Bluu ile inatokana na kobalti, na kobalti nzuri ya enzi hiyo ilitoka Iran. Sahani kubwa kubwa za Yuan, za kula watu kadhaa kwa pamoja, zililenga hasa masoko ya nchi za Kiislamu. Kwa hiyo tangu mwanzo udongo ulikuwa wa China, rangi ilikuwa ya Uajemi, baadhi ya michoro ilitoka Tibeti, na sinia lenyewe liliwekwa mbele ya Waislamu wakale pilau yao. Anayetafuta kauri ya bluu na nyeupe iliyo ya dini moja tu, tangu udongo hadi rangi, atatafuta sana.

Mfalme Yongle wa nasaba ya Ming, aliyetawala tangu 1403 hadi 1424, anaonyesha jambo hili vizuri kuliko wote. Mwaka 1407 alimpokea Nanjing mmoja wa viongozi wakuu wa kidini wa Tibeti, Karmapa wa tano, aje kufanya ibada kwa ajili ya wazazi wake waliofariki. Joko za mfalme zilitengeneza mabirika meupe ambayo mdomo wake una umbo la kofia ya mtawa. Vipande vyake vimefukuliwa Jingdezhen. Hivyo ndivyo vyombo vya Kibudha kwelikweli, kwa sababu viliagizwa kwa ajili hiyo. Na mfalme huyohuyo ndiye aliyemtuma baharini Zheng He, amiri wa merikebu aliyezaliwa katika familia ya Kiislamu ya Yunnan. Katika mji wa Galle, Sri Lanka, lilipatikana mwaka 1911 jiwe ambalo msafara wake uliliandika mwaka 1409 kwa lugha tatu. Kwa Kichina linamsifu Budha, kwa Kitamili linamsifu mungu wa Kihindu wa hapo, na kwa Kiajemi linamsifu Mwenyezi Mungu. Jiwe ni moja na zawadi zilizotajwa zinakaribiana. Mwaka 1415 twiga kutoka Malindi alifikishwa mbele ya mfalme huyo. Dunia ya kauri ilikuwa hivyo: kila mmoja akiitwa kwa jina la imani yake, na biashara ikiendelea.

Sasa tofauti ambayo mjomba anapaswa kuijua: kifaa cha ibada kina dalili zake. Qianlong, mfalme aliyetawala tangu 1736 hadi 1795 na mfuasi wa dhati wa Ubudha wa Kitibeti, aliagiza seti za kauri ambamo kila moja ya alama nane imesimama peke yake juu ya kiti cha yungiyungi, ipate kupangwa mbele ya sanamu katika hekalu. Hazikufanyiwa kuliwa chakula wala kuwekewa maua. Katika enzi za Xuande na Chenghua, karne ya 15, vilitengenezwa vyombo vilivyoandikwa herufi za Kisanskriti, kila herufi ikiwa dua. Joko za Dehua, katika jimbo la Fujian, zimejaa sifa kwa sanamu nyeupe za Guanyin, mwenye huruma anayesikia vilio vya watu. Wakati mwingine amempakata mtoto, na Wakristo wa Japani waliokuwa wakificha imani yao walimtumia badala ya Bikira Maria. Kuna pia yule mtu mnene anayecheka, tumbo wazi, ambaye watu wengi humwita Budha. Huyo ni Budai, mtawa wa hadithi za China anayehesabiwa kuwa Budha ajaye aliyejitokeza katika umbo la kuchekesha. Kama bibi angekuachia kimojawapo cha hivi, ningemwambia mjomba kwamba ameona sawasawa. Bakuli lako ni la mezani. Ukubwa wake, unene wake, na ndani kuachwa jeupe, vyote vinasema hivyo.

Tena kuna alama ambazo watu huzibandika Ubudha kwa haraka. Samaki wawili ni mfano mzuri. Walikuwa wakitiwa kwenye mabeseni ya shaba ya nasaba ya Han, na kwa Wachina wa kawaida samaki ni dua ya kupata ziada kila mwaka. Kwa hiyo ukikutana na sahani ya kijani ya Longquan, mji mwingine wa wafinyanzi wa China, ya karne ya 13 au 14, yenye samaki wawili walioinuka katikati, hiyo si alama ya Kibudha hata kidogo. Kwenye bakuli lako ni ya Kibudha kwa sababu moja tu: wamo katika kundi la nane. Yungiyungi lina historia ndefu zaidi. Katika karne ya 5 na ya 6 petali zake zilichongwa kwenye mitungi ya kijani, na hapo mkono wa Ubudha ni wazi. Kufikia nasaba ya Song, wasomi wa mafundisho ya Confucius nao walilifanya kuwa ishara ya mtu mwadilifu asiyechafuliwa na mazingira, wafinyanzi wakalifanya pambo la kila siku, na mabakuli ya Longquan yenye petali kwa nje yakatoka kwa maelfu. Ukitembea kwenye magofu yetu ya pwani na kuona kigae cha kijani kibichi chenye mistari ya petali, ndicho hicho.

Yapo makundi mengine ya vitu vinane yanayochanganya. Ukiona upepeo, upanga, kibuyu, filimbi, kikapu cha maua na vingine vya namna hiyo, hayo ni mali ya Utao: kila kimoja ni kifaa cha mmoja wa Wanane Wasiokufa wa dini hiyo. Ukiona lulu, sarafu, vitabu, vikombe vya pembe ya kifaru na jani, hizo ni hazina za wasomi. Navyo hufungwa utepe. Tena wachoraji wa vyombo vya kuuza nje hawakuona tabu kuchanganya. Sahani nyingi za enzi ya Wanli, tangu 1573 hadi 1620, ambazo ukingo wake umegawanywa vijumba vijumba, zina ua hapa, jani lenye utepe pale, na fundo kule. Vipande vya aina hiyo vimepatikana Ngome ya Yesu, hapo kwenu Mombasa.

Kitu kimoja kingine, maana huulizwa sana kila picha za kauri za zamani zinapoonyeshwa: msalaba wenye mikono iliyopindwa. Uko kwenye vifua vya sanamu za Budha na kwenye kingo za sahani, na Wachina huusoma kama namba elfu kumi, yaani baraka zisizohesabika. Ulikuwapo zaidi ya miaka elfu kabla ya Wanazi kuuchukua, na kwenye kauri ya kale hauna uhusiano wowote nao.

Nirudi kwa mjomba. Hukumu ya kidini si kazi yangu; muulize mwanachuoni unayemwamini. Ninachoweza kumpa ni historia, nayo ni nzito. Mwaka 1611 Shah Abbas wa Uajemi aliweka wakfu zaidi ya vyombo elfu moja vya kauri ya China kwenye zawia ya babu zake iliyopo Ardabil. Kila kimoja kilichongwa muhuri wake wa wakfu, moja kwa moja juu ya tabaka la kioo linalofunika udongo, na mayungiyungi yamejaa humo. Ikulu ya masultani wa Istanbul, Topkapi, ina mkusanyo wa vyombo vya China zaidi ya elfu kumi. Hawa walikuwa watawala wa Kiislamu walioijua dini yao, na walikula na kunywa kwenye vyombo hivyo. Na mambo hayakwenda upande mmoja: katika enzi ya mfalme Zhengde, tangu 1506 hadi 1521, joko za Jingdezhen zilitengeneza vyombo vya bluu na nyeupe vyenye maandishi ya Kiarabu na Kiajemi, vikiwamo vifaa vya meza ya mwandishi. Fundi Mchina asiyejua alifu wala be alinakili maandishi hayo kama mwenzake alivyonakili fundo la Tibeti.

Kwetu pwani ushahidi umesimama wima. Makaburi ya nguzo ya Kunduchi, karibu na Dar es Salaam, na ya Mambrui, kaskazini ya Malindi, yalipachikwa mabakuli ya China kwenye chokaa juu ya maiti Waislamu. Gedi, ambako James Kirkman alianza kuchimba mwaka 1948, ilitoa vigae vya China kwa wingi. Kilwa vivyo hivyo. Na biashara hii haikuanza enzi ya Ming. Mwaka 1998 karibu na kisiwa cha Belitung, Indonesia, lilipatikana jahazi la karne ya 9, mbao zake zimeshonwa kwa kamba kama mtepe wetu wa Lamu, bila msumari. Lilibeba vyombo vya China kama elfu sitini, vingi vikiwa mabakuli ya joko za Changsha, China. Moja limeandikwa mwaka unaolingana na 826. Baadhi yamechorwa yungiyungi na ishara nyingine za Kibudha, mengine mistari inayoiga maandishi ya Kiarabu, yote katika shehena moja iliyokuwa ikielekea magharibi. Vigae vya Changsha vimepatikana pia Manda na Shanga, katika funguvisiwa hilohilo la Lamu alikoishi bibi yako.

Na bibi mwenyewe ametoa ushahidi mzuri kuliko wangu. Alikuwa na bakuli ambalo kwa nje lina dua nane za watu wa mbali, na kwa ndani aliandikiwa aya za Kurani kwa zafarani na marashi, akazikosha kwa maji akanywa. Kwa nini lilichaguliwa hilo na si jingine? Nadhani ni kwa sababu ndani ni jeupe, safi, na wino unaonekana vizuri. Tazama picha yako ya nne, karibu na ukingo wa ndani: ipo rangi ya manjano hafifu iliyoingia kwenye ufa mwembamba kama unywele. Nahisi ni zafarani. Tafadhali usiisugue. Kwangu mimi doa hilo ni sehemu ya historia ya chombo, na thamani yake kwa familia yenu haipatikani kwenye bakuli lolote la dukani.

Sasa umri. Herufi sita za chini, zilizopangwa safu mbili ndani ya duara mbili, zinasomeka "Da Ming Chenghua nian zhi", yaani limetengenezwa katika miaka ya Chenghua ya Ming Kuu. Chenghua alitawala tangu 1465 hadi 1487, na vyombo vyake halisi ni adimu mno. Kikombe kimoja kidogo cha enzi yake, kimechorwa kuku na vifaranga, kiliuzwa Hong Kong mwaka 2014 kwa zaidi ya dola za Hong Kong milioni 280. Habari za namna hiyo ndizo zinazomtia jirani moto. Lakini jina la Chenghua limeandikwa kwenye kauri kwa karne nyingi baada yake, mara kwa heshima, mara kwa mazoea, mara kwa udanganyifu. Mwaka 1677 ofisa wa Jingdezhen alikataza hata jina la mfalme aliyekuwa madarakani, Kangxi, lisiandikwe kwenye vyombo vya kawaida, visije vikavunjika na jina lake likakanyagwa. Mafundi wakaandika majina ya wafalme wa zamani, au wakaacha duara mbili tupu, au wakachora kitu kidogo tu katikati: jani, yungiyungi, kombe la bahari, hata lile fundo. Kwa hiyo maandishi ya chini ni dai, na dai lazima lipimwe kwa vitu vingine.

Vitu hivyo vingine kwenye bakuli lako vinaelekea upande mmoja. Bluu yake ni sawa kotekote na inaelekea kwenye zambarau. Bluu ya Iran ya mwanzo wa Ming hujikusanya na kuacha madoa meusi yaliyozama kidogo kwenye kioo. Ya Chenghua ni laini na ya kijivu kidogo. Yako haimo katika hayo. Ukuta ni mnene, ukingo wa kitako umekatwa kwa haraka, na juu ya kioo pana vitundu vidogo kama vya sindano. Herufi zenyewe zimeandikwa kwa mkono unaokimbia. Haya ni mabakuli ya joko za watu binafsi za karne ya 19, yaliyotengenezwa kwa ajili ya chakula cha kila siku na kuuzwa mbali kwa njia ya bahari. Bidhaa za Asia za wakati huo zilifika Lamu kupitia bandari kama Bombay, Muscat na Unguja. Jambo moja linanizuia kulisogeza hadi karne ya 20: chini hakuna neno CHINA. Tangu 1891 Marekani ilitaka bidhaa zinazoingia kwake ziandikwe nchi zilikotoka, na neno hilo likaanza kuonekana kwenye kauri. Kutokuwapo kwake si uthibitisho, maana si kila chombo kilikwenda Marekani, lakini pamoja na hayo mengine lina uzito.

Angalia pia vyombo vingine vilivyobaki kwenye zidaka, yale matundu ya ukutani, za nyumba ya bibi. Katika nyumba za Lamu na Unguja sahani nyingi zinazoitwa za Kichina ni za Ulaya, hasa za viwanda vya Maastricht, Uholanzi, ambako Petrus Regout na wenzake walitengeneza vyombo vilivyouzwa pwani yetu. Geuza chini: ukikuta muhuri uliochapwa wenye jina la kiwanda kwa herufi za Kirumi, ndiyo hiyo. Tazama pia nakshi yenyewe. Iliyochapwa ina nukta ndogondogo na viungio vya karatasi. Ya mkono ina mwanzo na mwisho wa brashi, mahali penye rangi nzito na mahali palipofifia. Ni vyombo vizuri na vina historia yao, ila visiuzwe wala visirithiwe kwa jina lisilo lake.

Kuhusu bei, sitakutajia tarakimu kwa kutazama picha. Bakuli la karne ya 19 la joko za watu binafsi, lenye ufa, halitamtajirisha mtu. Akija mtu mlangoni na kukuambia halina thamani yoyote, kisha akataka kulichukua leo hii, usimpe. Mwombe akuandikie anachodhani ni nini, na kwa nini; wengi wakiombwa hivyo hawarudi. Na msilitoe nje ya nchi kimyakimya: sheria ya Kenya ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006 inataka kibali kwa vitu vya kale vinavyosafirishwa nje. Makumbusho ya Ngome ya Yesu yako karibu nawe, na yapo pia makumbusho ya Lamu. Nenda ukaonyeshe watu waliovishika vigae vingi kwa mikono yao, kwani uzito wa chombo mkononi na sauti yake kikigongwa kwa kidole havionekani kwenye picha. Lenye ufa hutoa sauti ya kukatika, kwa hiyo usiligonge ovyo.

Kwa sasa lioshe kwa maji ya uvuguvugu na kitambaa laini, ndani ya beseni la plastiki lililotandikwa taulo. Usitumie dawa ya madoa wala mchanga, wala gundi ya dukani kuziba ule ufa. Usiliweke kwenye jua la dirishani, wala kumwagia kitu cha moto, kwa sababu ufa hutanuka. Ukilirudisha kwenye kidaka, liweke pembeni kidogo pasipopitwa na mikono ya watoto, na uandike kwenye karatasi yote unayoyakumbuka: nani alimpa bibi, nani alikuwa akimwandikia kombe, na wapi lilikuwa likikaa. Hiyo karatasi ikae ndani ya bahasha, si ndani ya bakuli, maana wino na unyevu wa pwani haviendi pamoja.